Maziwa ya Upande wa Pili

Jumatatu asubuhi Verdiane alifungua sekretaria yake ya Mubi kama kawaida. Alipandisha paneli ya jua juu ya bati, akachomeka simu za watu zilizokuja kuchajiwa, akapangusa vumbi la barabara kwenye mashine ya fotokopi, kisha akawasha kompyuta. Kompyuta hiyo ilikuwa na mifumo miwili ndani yake, Windows na Linux, na siku zote ilikuwa na adabu ya kuuliza kwanza: maandishi meupe kwenye kioo cheusi, upande upi leo? Siku hiyo haikuuliza. Iliingia Windows moja kwa moja, na ilipofika ikamwarifu kwa Kifaransa kwamba imejisasisha yenyewe. Ikaongeza kwamba imekuta sehemu kubwa ya diski isiyosomeka. Je, aifomati sasa, yaani aifute yote na kuanza upya?

Verdiane akabonyeza hapana. Nyuma yake alisimama motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyekuwa akingoja nyimbo ziingie kwenye simu yake.

"Bonyeza oui, dada," akamshauri. "Ikiulizaka vile, iko nataka nafasi."

"Mu ile nafasi kuko kaka yangu."

"Aa. Basi uache," motari akasema, akarudi kwenye nyimbo zake.

Kompyuta ilikuwa ya Védaste, kaka yake Verdiane, aliyesomea mambo hayo Goma. Upande wa Windows aliuweka kwa ajili ya kazi za shule. Upande wa Linux aliuweka kwa sababu hakupenda virusi, na hakupenda kuamrishwa. Likizo yake ya mwisho alipanda nayo nyumbani, Karuba, kwenye vilima vya Masisi, akawa anatembea nayo kwapani mchana kutwa. Vijana wengine huhifadhi picha. Yeye alihifadhi kilima chenyewe, kwa kuwa alikuwa mvivu wa kuchagua: ua wa miyenzi uliopandwa na babu, kijito cha bondeni, ukungu, zizi, ng'ombe wote walioachwa na baba yao na moshi wa jioni juu yao. Kisha akarudi Goma, akashikwa na homa, akafa kabla ya mitihani. Walimzika, na kompyuta ikarudi nyumbani ndani ya gunia la nguo zake. Verdiane alipoufungua upande wa Linux kwa mara ya kwanza, alimkuta Védaste amechuchumaa chini ya ng'ombe aitwaye Gaju, anakamua. Kufa hakukumbadilisha sana. Tangu utoto hakuwa mtu wa kujibu maswali mengi.

Haukupita muda, kilima chenyewe kikaenda. Hapana, si vita iliyokichukua; vita ilipita baadaye na kukuta kimekwisha chukuliwa. Mheshimiwa mmoja wa mjini, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikanyaga tope la pale, alipata hati yake. Watu wake walikuja na nguzo na seng'enge, wakang'oa miyenzi, wakazungusha waya. Nyirabahire, mama yao Verdiane, alipewa mpaka jioni aondoe ng'ombe. Aliingia kilima hicho akiwa bibi arusi, na alitoka akiwa amebeba godoro.

Verdiane alimteremsha mamake mpaka Mubi, kwenye msitu wa Walikale, alikokuwa amefuata biashara. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Verdiane hakuona mzigo. Lakini Mubi si mahali pa mtu wa vilimani. Joto linakaa mwilini, maziwa ni unga wa pakiti, na ng'ombe wanaofika huko wanafika kwa miguu yao ili wachinjwe. Nyirabahire aliishi nyuma ya pazia la sekretaria akihesabu Jumapili.

Maana Jumapili, baada ya misa, Verdiane alifunga mlango, akachagua Linux, na mama akaenda nyumbani. Alijitanda kitenge, akashika fimbo, akainama kidogo kwa kuwa kioo kilikuwa kifupi, akaingia. Verdiane hakuingia. Lazima mtu abaki kulinda betri, na hakuna aliyetaka kujua ingekuwaje betri ikikata mtu akiwa kule. Alikaa kwenye kiti cha wateja akisikiliza ng'ombe wakilia, huku baridi ya Karuba ikitoka kwenye kioo na kumpapasa magoti, na sekretaria nzima ikanukia majani mabichi na moshi. Alikitamani kilima kile. Alikitamani hata tope lake, ambalo utotoni lilimfanya alie kila asubuhi njia ya shule.

Védaste alikamua, kwa kuwa kwao mwanamke hakamui. Alimpa mama inkongoro iliyojaa, kile chombo cha mti cha maziwa, na mama akanywa ameketi, jinsi inavyotakiwa. Jioni mama alitoka na kingine kwa ajili ya Verdiane. Na hapo palikuwa na desturi. Katika nyumba ile maziwa hayamalizwi. Anayekunywa anabakisha kidogo chini, chombo kinarudishwa zizini, na kile kilichobaki kinamiminwa mdomoni mwa ndama ambaye mama yake ndiye aliyetoa. Mgeni akimaliza yote hatasemwa, ila akija tena hatawekewa kigoda. Kwa hiyo Verdiane alikunywa palepale, akabakisha, na Nyirabahire akanyoosha mkono ndani ya kioo kukirudisha chombo kabla mashine haijazimwa. Ilikuwa hivyo miaka yote ya Mubi.

Jumapili iliyofuata ile Jumatatu, Nyirabahire alitoka misani, akajitanda kitenge, akaketi kwenye benchi na fimbo yake. Verdiane alizima kompyuta, akaiwasha, akaizima, akaiwasha. Kila mara ilikuja Windows, na kila mara iliuliza kama ifute. Jua lilipoingia nyuma ya msitu mama alivua kitenge, akakikunja, akarudi nyuma ya pazia. Kesho yake hakula. Alipoletewa chai ya maziwa ya unga aliitazama kwa heshima na kuirudisha.

Verdiane akampigia simu Zéphyrin, aliyesoma na Védaste na sasa anatengeneza kompyuta Goma.

"Linux iko muzima," Zéphyrin alisema. "Ni mulango tu njo imekufa. Windows ikifanyaka mise à jour, ikijigeuza mupya, inafungaka mulango ya wenzake. Unilete mashini hapa, nitaifungua haraka."

"Barabara imefungwa. Hata malori ya maharagi hayapite."

"Basi nitakutumia programu moja kadogo. Itafanya Windows ione ile upande. Lakini ni kusoma tu, dada. Kutoa kitu unaweza. Kuingiza, hapana."

"Na kama niko nataka kuingiza?"

Mtandao ulikatika, ukarudi. "Mu réglages kuko fasi ya kuruhusu kuandika. Usiguse pale. Windows na ile upande haisikilizane. Ikiandika mubaya, vyote vinaharibika. Kilima yote. Na Védaste pia."

Programu ilifika taratibu, kwa mtandao wa Mubi unaopanda na kushuka. Verdiane aliifungua, na upande wa Linux ukatokea miongoni mwa diski nyingine, ukiwa na herufi yake, kana kwamba ulikuwapo siku zote. Alifungua folda ya nyumbani. Kilima kilikuwa palepale. Upepo tu ndio haukutoka tena, wala harufu. Alikiona jinsi mtu anavyoona duka lililofungwa kupitia kioo. Védaste alikuwa anakamua. Verdiane alichagua chombo kilichojaa, akabonyeza kunakili, akabandika upande wa Windows, na inkongoro ikakaa mezani kando ya mashine ya kubana karatasi, ya vuguvugu, ina povu.

Alimpelekea mama nyuma ya pazia. Nyirabahire alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, na uso wake ukafunguka, ukawa uso wa zamani. Akanywa polepole. Akabakisha. Kisha akaja mwenyewe mpaka mezani, akanyoosha mkono kukirudisha chombo, na vidole vyake vikagonga kioo. Akajaribu tena, chini kidogo.

"Juu ya nini haiingie?"

"Ni kusoma tu, Mama. Tunaweza kutoa, lakini kurudisha hatuwezi."

"Na ndama?"

"Ndama iko vile vile. Maziwa ukiitoa, kule haipunguke. Ni kopi."

Nyirabahire aliyatazama maziwa yaliyobaki.

"Ule mwenye aliweka waya ku kilima yetu, naye alisemaka vile vile," akasema. "Kwamba hatujapunguka." Akakiweka chombo mezani. "Usinitolee ingine, mwanangu. Kunywa bila kurudisha njo kuiba."

Verdiane aliendelea kutoa hivyo hivyo, akitumaini kwamba njaa ingemshinda mama. Hakumjua mamake vizuri. Vyombo vilijipanga mezani, maziwa yakaanza kuchacha kwa joto, na wateja waliokuja kupiga fotokopi wakaombwa wasaidie. Yule motari alikunywa mpaka tone la mwisho, akasifu, akapangusa mdomo. Hakuuliza yametoka wapi. Mubi vitu vinatoka msituni kila siku na kupakiwa, na si desturi kuuliza nini kinarudishwa huko vilikotoka.

Mama alizidi kuwa mwepesi. Verdiane alipomgeuza kitandani aliona kwamba angeweza kumbeba kwa mkono mmoja, akaogopa. Nyirabahire hakulalamika. Alilala uso umeelekea Masisi na kutaja ng'ombe kwa majina, akianzia wale wa baba mkwe wake, akifika kwa Gaju na kuanza upya.

"Mama, kunywa kidogo tu."

"Unirudishe nyumbani," mama akasema. "Nitakunywa pale."

Siku mbili Verdiane alizunguka na jambo hilo. Akigusa kule alikokatazwa, huenda akapoteza kilima, kaka na mama kwa kidole kimoja. Asipogusa, mama atafia Mubi, azikwe katika udongo mwekundu usiomjua, na kilima kitabaki salama ndani ya mashine bila mtu wa kukihitaji. Alimwonea mamake huruma kuliko alivyoiogopa mashine. Jambo lilikuwa hilo tu, na alipolijua aliacha kuzunguka.

Alichagua saa nane mchana, jua likiwa kali na betri imejaa. Alifunga mlango, akasali fungu moja la rozari, akaingia kwenye mipangilio, akaondoa alama kwenye kusoma tu. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Kwa maisha yake yote na Windows, hilo lilikuwa swali lake la kwanza la maana. Verdiane akasema ndiyo.

Alianza na chombo kimoja, ajaribu. Mstari wa kijani ulitambaa, ukasimama, ukatambaa tena. Upepo ukatoka. Kule zizini ndama aliinua kichwa, akalamba.

"Vingine nitabeba mimi," Nyirabahire akasema nyuma yake. Alikuwa amejitanda kitenge. Alivipanga vyombo ndani ya kikapu, kimoja baada ya kingine, akikagua kila kimoja kama kimebaki na kitu, na vile ambavyo motari alivimaliza alivitazama kwa uchungu, akavitilia kidogo kidogo kutoka kwa vingine.

"Utarudia jioni?" Verdiane akauliza.

"Kama kuko mulango."

Alimwekea binti yake mkono kichwani, muda mrefu kuliko Jumapili zote. Kisha akainama, akaingia.

Mara hii haikuwa upesi. Nyirabahire alikuwa na miaka mingi, na mashine ilibidi iiandike yote. Mstari wa kijani ulisogea kidogo na kupumzika. Feni ilinguruma, kioo kikaganda mama akiwa nusu huku nusu kule, na Verdiane akasimama ameshika nyaya za betri kwa mikono yote miwili, kana kwamba angeweza kuzisukuma. Halafu mstari ukafika mwisho. Upande wa pili Védaste aliacha kukamua, akanyanyuka, akamletea mama kigoda.

Kilima hakikuharibika. Jioni Verdiane alimwita mama. Nyirabahire alikuja mpaka kwenye kioo, akaweka kiganja, na kioo kikabaki kioo. Verdiane akafungua maelezo yake, kama ya faili yoyote. Pale palipoandikwa mmiliki palisomeka Védaste, na chini yake palielezwa kwamba Windows haina ruhusa ya kumhamisha wala kumfuta.

"Ni kawaida," Zéphyrin alimwambia kwenye simu. "Kitu ikiingia kule inakuwaka ya mwenye ile upande. Wewe toka Windows hautamutoa tena."

"Na ukifunguaka mulango siku moja?"

"Siku ile yeye mwenyewe atachagua."

Nyirabahire, kwa upande wake, hakuonekana kuwa na haraka. Alikuwa anafukiza vyombo kwa moshi wa majani. Verdiane aliomboleza kwa siku kadhaa, kisha akaona haya kumwombolezea mtu anayemwona akifagia. Padri alimuuliza amwombee mama pamoja na marehemu au pamoja na wasafiri. Verdiane alifikiri, akasema hajui, na padri akamtaja katikati.

Alirudisha ile alama kwenye kusoma tu, na hakutoa tena maziwa, hata siku alizokuwa na hamu nayo mpaka mate yakamjaa. Picha ya kilima aliiweka iwe mandhari ya kioo, ili aione kila anapofanya kazi. Wateja walizoea. Waliingia, wakamsalimu mama kwanza, ndipo wakaeleza shida ya fotokopi. Mama hakujibu, kwa kuwa alikuwa na kazi.

Kiangazi kilipofika, ng'ombe wa Masisi walianza kushuka. Barabara ya malori ilikuwa bado imefungwa, lakini ng'ombe hawaihitaji. Wanakuja kwa vijia vya msitu, wachungaji nyuma yao, mpaka machinjioni ya Mubi. Pamoja na kundi moja alikuja Faustin, kijana mtaratibu aliyevaa kofia safi. Alihitaji kuchaji simu. Alipoinama kutafuta soketi, akaona kioo.

"Ile iko kilima yetu ya Karuba," akasema. "Kwa patron, tajiri wangu. Mimi njo musimamizi pale."

"Ni kwetu," Verdiane akasema.

"Najua, mama. Batu ba pale banasemaka vile." Alisema bila ubaya wowote. "Tena hapa iko muzuri kuliko sasa. Patron alikata miti yote. Unaweza nitolea hii foto ku karatasi? Tunafanyaka fromage, ile jibini ya maziwa, na tunatafuta foto ya kubandika juu yake mbele ya kuuzisha."

Verdiane hakujua jinsi ya kukataa. Angesema nini? Kwamba kilima kimeibwa? Faustin alilijua hilo tangu anaingia, na bado alikuwa na simu ya kuchaji. Mikono ya Verdiane, iliyozoea kazi, ikabonyeza kuchapa. Karatasi ikatoka na rangi zake zote: bonde, ukungu, ua wa miyenzi, Védaste na Gaju katikati, na pembeni, karibu na lango la zizi, Nyirabahire amesimama na inkongoro mkononi.

"Huyu mama iko nani?"

"Mama yangu."

"Unaweza mutoa? Patron hatakubali."

"Hatoke," Verdiane akasema. "Nilijaribu."

Faustin aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelewa kwamba mashine zina mipaka yake, akaomba mkasi. Alikata kwa uangalifu, akifuata mkunjo wa kitenge, asiguse mkia wa ng'ombe. Kipande chembamba chenye Nyirabahire kikaanguka mezani. Verdiane akakiokota, akakishika. Alikuwa na uchungu ambao hakuwa na mahali pa kuupeleka, na akangoja mkasi uende kwa Védaste pia.

Haukwenda.

"Na huyu?" akauliza, akimwonyesha Védaste.

"Huyu abakie," Faustin akasema. "Anafanana na muchungaji wetu."

Akakunja kilima mara nne, akakitia kwenye mfuko wa shati, akashukuru kwa heshima, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe wake.